Unyoya wa Bahari Horini

Niliporudi Endabash kutoka Tanga nilibeba zawadi moja ya kuchekesha: mmea wa baharini, wa kijani, uliochanuka kama unyoya wa kuku. Niliufunga kwenye kitambaa kibichi ili Mama, ambaye hajawahi kuiona bahari, aushike kwa mkono wake. Nikauacha jikoni, nikaenda kuoga.

Kurudi, kitambaa kitupu. Mama akanionyesha hori alimomlishia ng'ombe mmea wangu. Alikuwa ameonja, akakuta chumvi, na kwetu chenye chumvi ni cha ng'ombe. Tangu mvua ziharibu barabara hatukuwa tumepata magadi ya Ziwa Eyasi ya kumlambisha. Ng'ombe wetu ni mmoja tu, na siku zake za kuzaa zilikuwa zimekaribia.

Mwenyeji wangu kule Tanga, mama anayelima mwani, alikuwa amenionya kwamba majani ya baharini hufanana, na si yote ya kuchezea. Mimi, kwa kiherehere changu, niliokota bila kuuliza. Sasa ng'ombe alikuwa amelala, udenda unamtoka.

Nikampigia simu yule mama wa Tanga.

"Kuna kilichobaki, mwanangu?"

Kipande kimoja kilikuwa kimenata kwenye kitambaa, kimesinyaa, hakieleweki.

"Kitie kwenye maji ya chumvi kikunjuke. Tazama chini yake, kuna kamba inayotambaa kama ya kiazi kitamu?"

Nikakitia kwenye sahani ya maji ya chumvi. Unyoya ukafunguka: uti katikati, vijani vyembamba huku na huku. Chini kulikuwa na kamba, na vimizizi vyenye mchanga bado. Nikamweleza.

"Basi ni lile jani la unyoya. Nasikia kuna nchi watu wanalila, linawasha ulimi kidogo. Ila ng'ombe mwenye mimba sijui, nisikudanganye."

Nilikaa zizini nimemshika ng'ombe sikio, naomba Mungu. Niliogopa kama mtoto. Jioni akainuka, akaanza kucheua, nami nikalia.

Ndipo nikamwona Mama nyuma yangu, anasukutua mdomo.

"Linawasha kweli," akasema.

Kumbe hakuonja tu. Alikula konzi nzima akaimeza, kwa sababu kwake ng'ombe hapewi kitu kigeni ambacho mwenyewe hajakila.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ungemwacha ng'ombe, uje unililie mimi."