Swali la Tatu, Tabia ya Babu

Mwalimu Naisula aliitupa kalamu nyekundu juu ya meza. Ikabiringika mpaka kwenye kikombe cha Mwalimu Hedwiga, na walimu wote waliokuwa wakisahihisha wakainua vichwa. Hawakushangaa sana. Mama huyu alikuwa amefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na karibu nusu ya miaka hiyo aliitumia kugombana. Amegombana na maafisa, amegombana na wazazi, amegombana na mpishi wa uji aliyepunguza sukari. Watoto wa shule yake kule Themi walimwita Mama Pilipili, naye alijua na wala hakujali. Aliona heri mtoto akuogope akajua kusoma kuliko akupende akabaki mbumbumbu.

Ila siku hiyo hasira yake ilikuwa na haki yake.

Walikuwa wamekusanyika katika shule moja ya Daraja Mbili kusahihisha mtihani wa majaribio wa darasa la nne. Shule hubadilishana karatasi ili mwalimu asiwasahihishe watoto wake mwenyewe, na Naisula akaangukiwa na rundo la shule ya Terrat, karatasi sitini na moja za ufahamu. Ambao wangeshindwa wangebakizwa shuleni likizo nzima kwa masomo ya ziada, wakati wenzao wako nyumbani.

Hadithi ya kusoma ilikuwa fupi. Mtoto aitwaye Lesian anarudi kwao kutoka shule ya bweni. Anamkuta babu yake ameketi mlangoni pamoja na mgeni kutoka mjini. Lesian anamwendea babu na kuinamisha kichwa, babu anamwekea mkono kichwani bila kusema neno. Chakula kinaletwa. Babu anamtazama mgeni, anatazama chini, na hasemi kitu mpaka mgeni anaaga. Kisha maswali matatu. Lesian alikuwa katika hali gani alipoinamisha kichwa? Ni neno gani linaloeleza tabia ya Lesian? Na la mwisho, babu alikuwa na tabia gani, na umejuaje?

Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mbele ya kila mwalimu, umechapwa vizuri. La kwanza, hofu. La pili, mwoga. La tatu, mkali.

Watoto wa Terrat hawakuandika hivyo hata kidogo. Swali la kwanza waliandika furaha. La pili waliandika ana adabu. Karatasi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya kumi hivyo hivyo. Mmoja alieleza kabisa kwamba Lesian anamwamkia babu yake, halafu akauliza, "Kwani huko kwenu mnaamkiaje?" Kwa mwongozo ule, wote hao sifuri.

"Nani ametunga huu uchafu?" Naisula aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi, Madam," alijibu Rodrick. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa meza ya Kiswahili, kijana wa Machame kule Kilimanjaro, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikononi. "Kuna tatizo?"

"Unaniuliza kama kuna tatizo! Mtoto wa Kiarusha akimwinamia mzee, anamwamkia. Anasubiri mkono kichwani. Asipoinama ndiyo uulize ana nini! Wewe umekaa Arusha miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Miaka kumi na mmoja watoto wanakuinamia njiani, ulidhani wote wamekuibia?"

Mwalimu mmoja akacheka, akaona uso wa Naisula, akakohoa.

Rodrick alijaribu kueleza. Mwongozo ulikuwa umeshapitishwa. Watoto wa shule za katikati ya mji walikuwa wamejibu vizuri tu, hofu na mwoga. Ukibadilisha kwa Terrat lazima ubadilishe kwa kata zote, na matokeo yanatakiwa Ijumaa. Aliyasema hayo kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Naisula zaidi, maana mtu akikufokea unamfokea, lakini huyu alikuwa anawazika watoto sitini na mmoja kwa sauti ya kubembeleza.

"Kwa hiyo unamwambia mtoto hapajui kwao," alisema. "Ameona jambo hilo kila siku tangu azaliwe, halafu wewe uliyepita njia unamwekea mkasi wa kosa! Usilolijua ni usiku wa giza, sawa, lakini usiwatungie wenzako mtihani kwa giza lako!"

Akainuka. Akachukua karatasi ya hadithi aisome kwa sauti, mstari kwa mstari, ili kila mtu asikie upuuzi ulivyoandikwa. Alikusudia kumwaibisha Rodrick mbele ya watu, tusimpambe. Tangu asubuhi alikuwa ameipitia hadithi ile harakaharaka kama walimu wote wafanyavyo, macho yakiwa kwenye maswali. Sasa alisoma maneno yote. Alisoma kuhusu kigoda mlangoni. Alisoma kuhusu loshoro iliyoletwa kwenye bakuli la bluu, ndizi na mahindi na maziwa ya mgando. Alisoma kuhusu redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke.

Hapo akaacha kusoma.

Redio ile aliifunga yeye mwenyewe. Ilikuwa ya baba yake, mzee Lemburis, kule juu ya Ngaramtoni, na Jumatatu ya Pasaka mwaka juzi alimpeleka Rodrick kule akaone kwao. Mtoto aliyeinama alikuwa mtoto wa kaka yake. Mwezi wa nane mwaka ule ule wakamzika mzee.

"Umemwandika baba yangu," alisema.

Rodrick akatazama meza. "Nilibadilisha majina."

"Ulikula kwake! Ulikunywa maziwa yake ukaongezewa! Halafu unawaambia watoto wa Arusha nzima kwamba baba yangu alikuwa mkali? Wanajazia nafasi, mkali, mkali, wanapewa alama! Nani alikwambia?"

Hedwiga, ambaye walisoma pamoja chuo cha ualimu na alimzoea, akamshika kiwiko, Naisula akautikisa mkono ule mpaka ukamwachia.

"Nimekuuliza, nani alikwambia?"

Ilionekana wazi kwamba Rodrick angeachwa angenyamaza.

"Ni wewe, Madam," alisema mwishowe. "Mimi mzee sikumjua. Nilikaa naye masaa mawili, hakunisemesha. Tulipofika getini ukaniambia, 'Nisamehe Rodrick, baba yangu ni mkali, hapendi wageni.' Nikaamini. Ungekuwa wewe si ungeamini? Ni baba yako."

Naisula alisimama pale na hadithi mkononi. Ni kweli alisema. Na alikumbuka yaliyofuata, ambayo Rodrick hakuyajua: jinsi alivyorudi ndani amefura, akamwambia baba yake kwa Kimaa kwamba amemtia aibu mbele ya mwalimu mwenzake, kwamba amemkalia mgeni kama jiwe, kwamba hataleta tena mtu pale. Mzee alifuta kinywa kwa kiganja, hakujitetea. Naisula alishika mkoba akaondoka bila kulala, ingawa alikuwa ameahidi kulala. Baada ya hapo walionana mara mbili tu, na suala lile hakulirudia.

Hedwiga ndiye aliyeokoa jahazi. Akasema swali la kwanza na la pili yakubaliwe majibu yote mawili, la mwongozo na la watoto, kwa kata zote, na kama matokeo yatachelewa yachelewe. Rodrick akakubali upesi, akaandika pembeni mwa mwongozo wake, akawatangazia wengine. Watoto wa Terrat wakapata haki yao. Naisula alikuwa ameshinda.

Hasira haikumtoka. Ilikosa tu wa kumshukia. Akaketi, akaokota kalamu, akasahihisha kwa kasi, akiweka alama kubwa nyekundu za vema, kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Swali la tatu halikuzungumziwa na mtu, na yeye hakulitaja. Mwongozo ulisema mkali, na mwenye neno hilo alikuwa yeye. Aliyeandika mkali akampa alama. Aliyeandika neno mzee akampita bila alama.

Karatasi ya thelathini na nane haikuwa na jina, namba tu, mwandiko wa mtoto anayebonyeza penseli. Swali la tatu lilikuwa limejibiwa mpaka nje ya mistari.

"Babu ana haya. Najua kwa sababu anamtazama mgeni halafu anatazama chini. Mtu mkali hatazami chini. Mgeni ametoka mjini na babu hajui Kiswahili vizuri, anaogopa atachekwa. Bibi yangu pia hunyamaza hivyo."

Naisula aliisoma mara tatu.

Kiswahili cha baba yake kilikuwa cha mnadani: ng'ombe, bei, shikamoo, kwaheri. Binti yake akamletea mwalimu wa Kiswahili, naye mwenyewe mwalimu wa Kiswahili, mtu anayemkosoa hata kondakta. Mzee angefungua kinywa kusema nini mbele ya hao wawili? Miaka ishirini na sita Naisula alikuwa akiwauliza watoto wa watu mhusika anajisikiaje, na umejuaje, na akiwachapa wasiojua. Alijichukia, kwa chuki ile ile aliyokuja nayo asubuhi, ila sasa hakuwa na wa kumgawia.

"Rodrick," aliita. "Njoo usome."

Rodrick akaja, akainama juu ya bega lake, akasoma taratibu.

"Mpe alama zote, Madam," alisema.

Naisula akampa. Halafu akauvuta mwongozo, akalikata neno mkali, akaandika juu yake ana haya, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akarudi kwenye karatasi ya kwanza ya rundo, akaanza kulisahihisha upya swali la tatu.