Nilivyokwenda Mikumi Kuukataa Ukumbi

Niliondoka Kilosa siku ya Alhamisi kwenda Mikumi kukagua ukumbi, na niseme ukweli mapema tusije tukalaumiana: nilikuwa nimekwisha kuukataa kabla sijapanda gari. Kilichobaki ilikuwa kwenda kuuona.

Kikundi chetu cha waandishi wa programu za kompyuta hukutana Jumamosi mbili kila mwezi. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunakutana katika chumba cha nyuma cha duka moja la stationari hapa Kilosa mjini. Jumamosi moja tukafika, tukakuta meza yetu imejaa minyororo ya pikipiki, na mwenye duka amekaa katikati ya matairi anatabasamu kama bwana harusi. "Wanangu, biashara imegeuka," akatuambia. "Karibuni tena mkishanunua pikipiki." Tukatoka na kompyuta zetu kwapani, hatuna pa kwenda.

Tulipotafuta, tukapata sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha mikutano cha ushirika wa wakulima, hapahapa Kilosa, dakika tatu kwa miguu kutoka kwetu. Kina soketi mbili, nguzo katikati inayomficha mwalimu, na kimepakana ukuta na mashine ya kusaga. Ya pili ni ukumbi wa Mikumi, ambao zamani ulikuwa ghala la vitunguu. Nusu ya wanachama wetu ni watu wa Mikumi, na miaka yote hiyo wao ndio waliokuwa wakifunga safari kutufuata. Waliposema sasa ni zamu yetu kuwafuata, hakuna aliyekuwa na jibu.

Mimi nilikuwa nalo, ila lilikuwa halisemeki. Kikundi nilikianzisha mimi. Kilosa nikipita sokoni, hata wauza nyanya wananiita mwalimu. Mikumi ningekuwa nani? Niliogopa kwamba wakishahamia huko watagundua wanaweza kuendelea bila mimi, na wazo hilo lilininyima raha wiki nzima.

Basi nikafanya wanachofanya watu wa kazi yetu wakitaka kuficha jambo: nikaliandikia programu. Nikawaambia wenzangu kwamba ili kukata mzizi wa fitina, kompyuta ndiyo itakayoamua. Unajaza fomu kwenye simu. Soketi, viti, umeme na nguvu ya mtandao vinaongeza alama, kero zinapunguza. Kero zenyewe nilizichagua kwa uangalifu mkubwa: wanyamapori, malori na harufu. Kelele za mashine ya kusaga, eti, zilinipitia! Halafu huko chini, kwenye mstari wa arobaini, nikachomeka kimya kimya alama ishirini za bure kwa ukumbi wowote ulioko Kilosa. Nikaijaribu kwa kujaza ya Kilosa. Ikatoka hamsini na moja. Nikalala usingizi mnono.

Saa mbili asubuhi, stendi ya Kilosa. Mwenzangu wa safari alikuwa Deo, kijana wa Mikumi wa miaka ishirini na mbili aliyepanga chumba Kilosa, mpole, mwanafunzi wangu tangu hajui kuwasha kompyuta. Nikamtumia programu nzima, pamoja na majibu ya Kilosa, kwenye simu yake na kumwambia yeye ndiye atakayejaza fomu ya Mikumi, maana ni kwao, na mimi sitaki kusemwa kwamba nimependelea. Deo akaguswa. "Dada Mwajuma, una roho nzuri sana," akasema. Nikajikohoza na kutazama dirishani. Nje mahindi yalikuwa yamekauka tayari kuvunwa, na wachungaji walikuwa wanavusha ng'ombe barabarani bila haraka yoyote. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi.

Saa nne na nusu tukashuka Mikumi, pale barabara kuu inapopita katikati ya mji. Sikupoteza muda.

"Malori, Deo! Hesabu!"

"Yanapita tu, dada. Yanakwenda Iringa."

"Yakipita yanapiga kelele. Andika."

Hatua chache mbele tukakuta nyani wamejikalia kando ya barabara, mmoja anamenya ndizi kwa utaratibu kuliko binadamu wengi ninaowafahamu. Moyo ukanidunda kwa furaha.

"Nyani sita! Andika wanyamapori, weka alama zote kumi."

"Lakini hawa wako barabarani, hawako ukumbini."

"Wana miguu, Deo. Watafika."

Akaandika. Ni kijana mtiifu, ndiyo maana nilimchagua.

Ukumbini tukapokewa na mwenyewe, mama mmoja wa makamo aitwaye Mama Salome, amejifunga khanga juu ya gauni, na mkononi ana funguo nyingi utadhani anamiliki Mikumi yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwalimu? Deo anakutaja mpaka tumechoka. Karibu, karibu ndani."

Nikaingia na kuvuta pumzi. Harufu ya vitunguu ilikuwa bado ipo, imetulia ukutani kama mpangaji asiyetaka kuhama. "Harufu," nikamnong'oneza Deo. "Saba." Lakini zaidi ya hapo, ndugu zangu, hali ilinitisha. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye hewa, madirisha pande zote mbili. Viti hamsini. Nikahesabu soketi, nikafika kumi na nne, nikahesabu upya nikitumaini nimekosea. Nikauliza mtandao. Mama Salome hakutaka maneno mengi. Akatoa simu, akampigia kwa video dada yake aliyeko Malolo, akaniweka mbele ya kamera.

"Msalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" akajibu dada mtu, sura safi, sauti safi, nyuma yake matuta ya vitunguu yanaonekana moja moja. "Ndiye mwalimu wao? Mbona mdogo?"

Huo ndio ukawa upimaji wa mtandao.

Saa saba mchana tukalazimishwa kula. Nilijaribu kusema tumeshiba, ikachukuliwa kama mzaha. Ukaja wali, maharage ya nazi na kuku wa kienyeji, na mimi nikapewa firigisi mbele ya Deo, aliyekuwa kwao. Ni vigumu kumkagua mtu huku unakula firigisi yake. Nikamuuliza Mama Salome kwa nini ametoa ukumbi wake kwa watu wa kompyuta wakati angeweza kupangisha kwa shughuli za harusi.

"Hawa vijana wakitoka kwenu Kilosa, nawaona wakishuka hapo barabarani jioni," akasema, akinisogezea bakuli la mchuzi. "Wamechoka, wana njaa, wanacheka. Nikasema, mimi nina nyumba imekaa tu, na watoto wanahangaika. Basi nikamwita fundi akaongeza soketi."

"Soketi umeziweka kwa ajili yetu?"

"Sasa vitunguu vilikuwa vinachaji nini, mwanangu?"

Deo alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia. Nilijisikia vibaya, nikaongeza wali.

Tulipomaliza, nikamwambia Deo abonyeze kitufe cha majibu hapohapo, mbele ya mwenye ukumbi. Ulikuwa ukatili, najua. Nilitaka ashuhudie mwenyewe ili tusirudie mjadala. Deo akabonyeza, akatazama, akanigeuzia simu.

Sabini na saba.

"Ni nyingi hizo?" akauliza Mama Salome.

"Mnaishinda Kilosa mbali sana, mama!" akasema Deo.

Mama Salome akapiga kigelegele, jirani akaitikia ng'ambo ya ukuta bila kujua kuna nini. Mimi nikaiweka chini glasi ya maji. Nikaomba kuiona fomu, nikajua papo hapo. Sehemu ya kero imeandikwa "alama za kupunguza", na Deo, muungwana wa watu, kwa kuwa zinapunguza, alikuwa ameziandika zote kwa alama ya kutoa: hasi kumi za nyani, hasi nane za malori, hasi saba za vitunguu. Programu yangu nayo ikazitoa. Ukitoa hasi unajumlisha. Hilo nilifundishwa kidato cha kwanza. Kila nyani niliyemshangilia pale barabarani alikuwa amewapa Mikumi alama. Na kosa sikuliona nilipojaribu kwa sababu nilijaza ya Kilosa peke yake, ambako kero zote, kwa roho yangu nzuri, niliziwekea sifuri.

Nifanye nini? Kusema kuna kosa maana yake ni kuifungua programu mbele ya watu, na kuifungua maana yake ni mstari wa arobaini. Nikajikaza kisabuni, nikampa Mama Salome mkono wa hongera.

Saa tisa tukaanza kurudi kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha jirani wa Mama Salome aliyekuwa anapeleka viti Kilosa. Tulipofika Ulaya dereva akasimama kununua maboga. Ndiyo, Ulaya, iko wilayani kwetu na haihitaji viza. Tukashuka kunyoosha miguu, na hapo Deo akaniambia kwa upole uleule:

"Dada, programu nimeisoma."

"Yote?"

"Si ulinifundisha nisitumie programu ya mtu kabla sijaisoma? Mimi nimeisoma baadaye, nisamehe. Mstari wa thelathini na tatu una kosa, unatoa hasi. Nimesharekebisha. Sasa Kilosa ni hamsini na moja, sisi ishirini na saba."

"Na mstari wa arobaini?"

"Huo hauna kosa," akasema. "Unafanya kazi vizuri kabisa."

Akaenda kumsaidia dereva kupakia maboga. Angenitukana ningemtukana, tukamalizana. Lakini alinirekebishia wizi wangu, akanirudishia ushindi mkononi, kisha akaniachia. Niliona aibu, aibu hasa, ya kushindwa kumtazama mtu usoni. Kutoka pale hadi Kilosa nilikaa nimekumbatia boga.

Jumamosi saa nne asubuhi wanachama wote wakakutana kwenye chumba cha ushirika kusikia majibu. Watu walikuwa wanagombania soketi mbili, na waliokaa nyuma ya nguzo wanauliza kama mwalimu amefika. Ukutani mashine ilikuwa inasaga mahindi kwa bidii zote. Nikasimama mbele na kuanza kueleza. Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti. Bado. Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele wa kumwita mtu ng'ambo ya mto:

"NILIDANGANYA!"

Mashine ikazimika. Mteja wa mwisho alikuwa amemaliza debe lake, na neno langu likatua katika ukimya mtupu. Dirishani akachungulia msagaji, mweupe kwa unga mpaka kope, asikose uhondo.

Sikuwa na njia tena. Nikaiwasha projekta, nikawaonyesha programu mstari kwa mstari: nyani, malori, harufu, zile alama ishirini. Wakaanza kucheka, kicheko kikatembea chumba kizima mpaka nyuma ya nguzo. Mmoja tu hakucheka. Zulfa, binti wa Tindiga, upande wetu wa Kilosa, aliyemaliza kidato cha sita, ambaye kwao walimruhusu kuja kwa sababu mwalimu ni mimi.

"Dada Mwajuma, ulifanya hivi kwa ajili yetu sisi wa huku, au kwa ajili yako?"

Mlango wa kutokea huo, umefunguliwa wazi! Ningesema kwa ajili yao wangenipigia makofi.

"Kwa ajili yangu," nikasema. "Niliogopa mtaniacha."

"Basi nitakwenda Mikumi," akasema Zulfa. "Nyumbani nitazungumza nao mwenyewe."

Tukafuta alama za ujanja, zikabaki zile za haki: Mikumi hamsini na mbili, Kilosa thelathini na moja. Watu wakanyoosha mikono kukubali. Wangu ulichelewa, ila ulipanda.

Wiki mbili baadaye nikaenda Mikumi tena, safari hii kwa kukaa kitako. Ukumbi ulijaa, na wengi walikuwa wapya ambao sijawahi kuwaona. Deo ndiye aliyefundisha somo la kwanza. Na alifundisha nini? Akarusha programu yangu ukutani, jina limefutwa kwa heshima, akawataka wageni watafute kosa. Mmoja akasema mstari wa thelathini na tatu. Mwingine, mwenye macho makali, akasema wa arobaini. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mwisho, nikanyoosha mkono.

"Kosa lilianza kabla ya mstari wa kwanza," nikasema. "Aliyeandika alikuwa na neno moja la kuwaambia wenzake, akaona aibu kulisema. Angelisema, yote hayo yasingeandikwa."

Hicho ndicho nilichojifunza katika safari nzima, na nilikisema mbele ya watu wasionijua, ambao walikuwa wananigeukia kutazama ni nani huyu. Yeye huwaomba wote wanaojibu wajitambulishe, na hakutaka kunibagua.

"Jibu zuri," akasema. "Tuambie jina lako na unakotoka."

Nikasimama.

"Naitwa Mwajuma," nikasema. "Ni mgeni. Natoka Kilosa."

Wakanipigia makofi ya kunikaribisha.