Rufaa ya Fundi Wangu

Barua ya kukataliwa niliisoma nimesimama katikati ya duka langu la kushona nguo za wanawake, mtaa wa Hamriya, hapa Maskati. Nilipoimaliza nikasema kwa sauti, "Wallahi, hawanijui!" Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeomba kibali cha kumwajiri fundi cherehani, mwanamke wa Morogoro. Ofisi ya kazi ikajibu kuwa mkaguzi wao alifika dukani na hakuona fundi. Aliona mtumishi.

Mtumishi! Mwanamke yule ukimwonesha picha ya gauni la harusi, anashika mkasi anakata, wala chaki haitaki. Ni kweli, Maskati alikuja kwa kibali cha kazi za nyumbani, kama wenziwe wengi, akapika na kufua kwa watu miaka minne. Tajiri wake alikuwa radhi kumwachia aje kwangu, na alishamruhusu aanze kuja dukani kwa majaribio, lakini kibali cha zamani kilibakisha wiki tano. Ofisi isipokubali, anarudi kwao. Na mimi nibaki na mafundi wawili wanaume, ambao maharusi wangu hawataki wawapime kiuno!

Dada yangu akanishauri nitafute jamaa wa kunisemea kwa wakubwa. "Kila mtu hufanya hivyo," akasema.

"Mie sitaki hisani," nikamjibu. "Nnataka haki yangu."

Nikaandika rufaa, tukaitwa, mimi na fundi wangu. Afisa hata hajamaliza salamu nshaanza, kwa Kiarabu changu chenye Unguja ndani yake, ambacho wengine hukicheka. "Mkeo akitaka kushona gauni, utamwita mwanamume aje ampime?" Afisa akakohoa. Nikamtandikia mezani magauni matatu. Moyoni nikasema, leo nimempata.

Lakini yeye akamgeukia fundi, ambaye Kiarabu alijifunza jikoni mwa watu. "Mkaguzi alipokuja, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakata kitambaa."

"Ameandika ulikuwa unagawa kahawa, kisha ukafagia."

"Niligawa. Na kufagia nilifagia."

"Sasa fundi gani huyo?"

Fundi hakunitazama. "Mama aliniambia niache mkasi."

Lo! Uso uliniwaka. Mgeni alipoingia siku ile niliruka kama nilivyolelewa, mgeni hakai bila ya kahawa. "Mwanangu, acha hiyo, mletee mgeni kahawa na haluwa. Na hivyo vipande hapo chini vifagie, aibu!" Wale wanaume wawili waliendelea na vyerehani vyao. Wao sikuwaambia kitu. Nilimnyanyua yeye, kwa sababu ni mwanamke na alikuwa kashazoea kunyanyuliwa, wala sikufikiri hata kidogo.

Hasira zote nilizotoka nazo Hamriya zilikuwa za mkaguzi, kumbe mkaguzi aliandika alichokiona. Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Andika," nikamwambia afisa. "Aliyemfanya mtumishi siku ile ni mimi. Kosa langu. Lakini ukimfukuza yeye kwa kosa langu utakuwa umemdhulumu, na mie sitoki hapa mpaka uniandikie kwa mkono wako kwamba magauni haya yameshonwa na mtu asiyejua kazi."

Akayageuza magauni ndani nje, akatazama mshono mmoja mmoja. Akasema twende, tutajibiwa.

Jibu lilikuja zimebaki siku tisa. Wamekubali. Kadi ya kibali ilipotoka, fundi aliisoma pale penye neno la kazi yake, akairudia tena. Nikamkumbatia. "Umeona, mwanangu, nilivyokupigania?"

"Nimeona, mama. Nashukuru sana." Akaitia kadi mkobani. "Ila usininyanyue tena kwenye kazi yangu."

Maafisa nnajua kuwajibu. Yeye nilimwambia "haya" tu, basi.