Baridi ya Vugiri Haikuwa na Kosa

Nilipokuwa kidato cha tatu Handeni, wenzangu walikuwa wananyoa ndevu na mimi bado naongoza kaswida. Si kwa kupenda. Kwenye maulid ya mtaani kwetu, sauti nyembamba ya mbele ilikuwa yangu tangu nikiwa mtoto, na kila mwaka ustadhi alitafuta wa kunipokea. Vijana wadogo kwangu wakapewa nafasi hiyo, sauti zikawapasuka na kuwa nzito, nikarudishwa mimi. Shuleni waliniita Bi Mdogo. Niliwajibu kwa ulimi mkali na kwa maksi za hesabu, maana mnyonge sijawahi kuwa.

Baba alifariki nikiwa mchanga, simkumbuki hata kidogo. Nyumbani tulikuwa mama, mimi na mjomba, kaka mkubwa wa mama, na kwa Wazigua mjomba akishasema, amesema. Lakini kila likizo nilipanda Vugiri, milimani Korogwe, kwa bibi mzaa baba. Handeni nilikuwa mtoto wa mama. Kwa bibi nilikuwa mtoto wa baba yangu, na hilo sikulipata mahali pengine popote.

Mjomba ndiye aliyegundua ugonjwa wangu.

"Ni baridi ya kule," alimwambia mama. "Imemkaa mwilini. Mahindi yenyewe kule yanachelewa kukomaa, sembuse mtoto?"

Hukumu ikatoka: Vugiri basi, mpaka nikue. Kila asubuhi nikanyweshwa tangawizi iliyokolezwa pilipili manga, kisha nikaketi juani uani kama kapeti lililofuliwa. Jasho lilinitoka kweli. Ndevu hazikutoka.

Likizo ya Juni ikapita hivyo. Bibi alipiga simu kuuliza mbona siji, mama akamwambia nina masomo ya ziada. Nilikasirika mpaka nikasusa kula. Bibi alikuwa mzee, na mimi nilikuwa nimekatazwa kwenda kwake mpaka mwili wangu utakapoamua kukua. Je, kama usingeamua mapema?

Mama naye moyo ulikuwa haujatulia. Akanipeleka hospitali, na mjomba akatufuata ili amweleze daktari habari za baridi. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho. Akanipima urefu na uzito, akaniuliza ninachokula na magonjwa niliyowahi kuugua. Kisha akamgeukia mama.

"Baba yake alibalehe akiwa na umri gani?"

Mama akamtazama mjomba. Mjomba akatazama dari. Mama aliolewa na mwanamume mzima mwenye sharubu zake, na kwetu mke hamuulizi mumewe mambo hayo.

"Wakati wa kubalehe hurithiwa sana, kama urefu," daktari alisema. "Kijana mwenye afya akichelewa hivi, mara nyingi ukiuliza utakuta mzazi wake mmoja naye alichelewa. Mtafuteni aliyemjua baba yake utotoni, mrudi mniambie. Hapo tutajua kama anahitaji vipimo zaidi."

Aliyemjua baba utotoni alikuwa Vugiri. Nilicheka palepale ofisini, kwa sauti yangu ileile ya kaswida, na sikujali.

Tulipanda Jumamosi. Mjomba alivaa koti zito na kuvuta kofia hadi masikioni, akanikataza kukaa karibu na dirisha. Bibi alitupokea kwa chai, akasikiliza swali, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Baba yake? Alimaliza kidato cha nne sauti yake huwezi kuitofautisha na ya dada zake! Na babu yake hivyohivyo. Nimeolewa naye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia."

"Ndiyo hiyo baridi, mama," mjomba alimwambia bibi kwa adabu.

"Baridi? Mdogo wa baba yake nilimpa dada yangu wa Mashewa amlee, alikwenda bado anatambaa. Amekulia kwenye joto la huko mpaka ameoa. Naye alichelewa vilevile. Hebu nionyeshe baridi ya Mashewa, mwanangu."

Mjomba akavua kofia, akaomba sukari.

Siku hizi nafundisha baiolojia Korogwe mjini, na nikifika kwenye mada ya urithi sihitaji kitabu. Nawaambia wanafunzi kwamba lishe na maradhi vinaweza kuisogeza saa ya kubalehe, ila sehemu kubwa ya saa hiyo mtu hupewa na wazazi wake, kwa vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo. Wengi huuliza upande wa mama tu. Nawaambia waulize pande zote mbili.

Jioni ile kwa bibi, mjomba alisema twende, gari la mwisho litatuacha. Mama hakusimama.

"Tangulia tu, kaka," alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpinga.

Akasogeza kigoda karibu na bibi, akauliza kama baba alikuwa mtundu. Akauliza alipenda kula nini, alimwogopa nani, sauti ilipompasuka ilikuwaje. Alikuwa mke wa baba, lakini baba yule wa utotoni hakuwa amewahi kukutana naye. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza, nikajua kwamba nilichokuwa nikichekewa shuleni ni kitu cha baba, amenipa yeye. Nikaacha kukionea aibu.

Daktari alipopewa habari hizo alisema tungoje tu. Sauti ilikuja mwaka uliofuata, kwa kukwaruza, ikashuka, ikatulia chini. Ilipotulia nilipanda Vugiri bila kumwomba mtu ruhusa. Bibi alikuwa jikoni, amenipa mgongo.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Alishika ukuta, bila kugeuka, akaniomba niseme tena kwa sauti hiyo ya mwanawe.