Nyoka Kwenye Koti la Dada

Mwaka jana dada yangu, tabibu wa serikali, aliitwa mbele ya chama cha mafundi wa nyoka ajieleze kwa nini anavaa nyoka wao bila kuapishwa.

Nyoka mwenyewe yuko kwenye mfuko wa koti lake jeupe, amejizungusha kwenye fimbo. Alidariziwa na baba, fundi cherehani wa Gongoni, kabla ya mahafali. Baba alilalamika kwamba mkono wake umezoea kanzu. Chuoni waliambiwa alama hiyo inawaunganisha na matabibu wa dunia nzima. Haikutajwa kwamba ingewaunganisha na mtu mwingine.

Kituo chake cha afya kiko kijijini, kupita Isikizya. Huko, mtu akiumwa na nyoka, huitwa kwanza mafundi wa nyoka. Wanamtuliza, wanampaka dawa yao, na sumu ikiwa kali wanampakia kwenye pikipiki hadi kituoni, kwenye friji yenye dawa ya sindano. Walielewana hivyo na tabibu aliyetangulia, ambaye hakuwa na desturi ya kuvaa koti.

Nilikuwa nimemtembelea, nikamsindikiza. Kikao kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo tulisubiri kwanza mahindi ya watu yaishe.

"Shikamoo, mzee," dada alimwamkia mwenyekiti.

"Marahaba, dokta. Huyo nyoka umepewa na nani?"

"Ni alama ya kazi yetu, mzee. Imetoka kwa Wagiriki wa kale. Mungu wao wa tiba alishika fimbo yenye nyoka."

"Na walikuwa wanaapa?"

Dada akaeleza kiapo chao: kumheshimu mwalimu kama mzazi, kutomfundisha kazi asiyeapa. Wazee wakatazamana.

"Hicho ni chama," mmoja alisema kwa heshima. "Mkuu wao anakaa wapi?"

"Walikufa zamani sana."

"Wote?"

"Wote."

"Poleni."

Mwingine akataka kuona alipochanjwa dawa siku ya kuingia chamani. Dada akafunua bega, lenye kovu la chanjo ya kifua kikuu. Walilikagua kwa zamu, wakakubaliana kwamba fundi wake alikuwa na mkono mzito.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo dada, kwa kutaka yaishe, akasema kama nyoka anakera atamfumua.

Mashine ilikuwa imezimwa, kila mtu alisikia.

"Dokta," mwenyekiti alisema, "chama na chama huelewana. Tulikuwa tunaelewana. Sasa mtu anayevua alama ya wakubwa wake mbele ya watu, nimkabidhi mgonjwa wangu?"

"Basi simfumui, mzee."

"Umeshasema, binti yangu."

Tangu asubuhi alikuwa dokta.

Waliahirisha shauri mpaka wapate kauli ya wakubwa wao upande wa Nzega. Kauli haijafika. Dada bado anavaa koti, na kila asubuhi anakagua friji. Mvua zimeanza, watu wanashinda mashambani, na tangu siku ile hajaletwa kituoni hata mtu mmoja aliyeumwa na nyoka. Dada amepita nyumba kwa nyumba akiuliza. Anakaribishwa, anapewa kiti, anaambiwa mwaka huu nyoka ni wachache.