Fundi wa Masikio ya Watu

Nakiri haya mwenyewe, kabla hamjayasikia kwa watu wa Kisii mjini.

Nilikuwa fundi katika duka la redio la Bwana Mahendra. Nilijisifu kwamba masikio ya watu hayafanani, na kwamba mimi naweza kurekebisha hedifoni imkae mtu sawasawa na masikio yake. Siku moja akaja Mwalimu Kwamboka, kiongozi wa kwaya kanisani kwao Nyamache, na hedifoni mpya ya kujifunzia nyimbo za Sabato.

Nikaijaribu kwanza. Upande wa kulia ulikuwa hafifu. Nikaifungua, nikaongeza sauti ya kulia na kupunguza ya kushoto, kisha nikamvisha.

"Kulia kunanipigia kelele," akasema. "Kushoto sisikii vizuri."

"Basi shida ni sikio lako la kushoto, mwalimu," nikamjibu mbele ya wateja. "Linakufa pole pole."

Akakaa chini, machozi yakimlengalenga. Aliuliza kwaya ataiachia nani.

Bwana Mahendra akaniletea hedifoni nyingine kutoka kwenye boksi. Nikaivaa. "Hii pia ni mbovu kulia," nikasema. Akaleta ya tatu. "Na hii."

Mwalimu akafuta machozi, akainuka, akalivuta sikio langu la kulia kama la mwanafunzi mtukutu, akachungulia ndani.

"Bwana Mahendra," akasema, "humu mtu anaweza kupanda chai."