Pini Mdomoni

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi cherehani. Kila mteja alipogusia siasa, yeye alibana pini mdomoni. Watu walidhani anajiandaa kukunja pindo. Mimi niliyekaa naye meza moja nikishona vifungo nilijua lile ni kufuli. Mdomo huponza kichwa, na kichwa chake alikipenda.

Mdogo wao wa mwisho, Kitindamimba, alikwenda nchi za watu kuendesha basi. Kabla hajaondoka alisema simu zina masikio, na neno la siri akalichagua mwenyewe: wale wanaobeba watu kwa gari lisilo na namba tutawaita mvua. Ukiambiwa mvua inanyesha, usije.

Huko aliko mdomo ulimfunguka. Akawa anatutumia sauti zilizojaa kicheko. Abiria wake wanamtukana rais wao kituo hadi kituo, kisha wanateremka kwenda kazini. Mtu kasimama na bango mbele ya ikulu, akauliza choo kiko wapi, askari akamwelekeza. Sisi huku hata kulalamikia bei ya sukari tunatazama kwanza nani kaingia. Nilimwonea wivu shemeji yangu, sisemi uongo.

Asubuhi moja sauti yake ikaja wifi akiwa na pini mdomoni na nguo mikononi. Akaibonyeza simu kwa kidole kidogo, duka limejaa wateja.

"Dada, nakuja mwisho wa mwezi. Mwambie huyo mzee wenu wa ikulu aje huku ajifunze kutukanwa. Wala haiumi."

Wifi akacheka. Pini zikamwagika sakafuni. Hakutamka neno hata moja, alicheka tu.

Walimchukua kabla ya mchana. Alirudi baada ya siku kadhaa bila meno mawili ya mbele. Simu yake walimrudishia, na hilo lilitutisha kuliko meno. Walichomuuliza kilikuwa kimoja: mwenye sauti ile anafika lini.

Alimpigia tukiwa wawili tu dukani, mlango tumeurudishia.

"Mdogo wangu, huku mvua inanyesha."

"Afadhali, Dada. Vumbi litapungua."

"Ni mvua kubwa. Imeingia mpaka dukani."

"Poleni. Nguo za wateja hazijalowa?"

Nilishikwa na hasira. Neno alilitunga yeye, na uhuru wa wenyewe umemsahaulisha. Nikanyoosha mkono nimpokonye simu nipayuke yote, potelea mbali. Wifi akaniziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kuongea polepole, kwa ile sauti yake mpya inayovujia kwenye pengo.

"Usije na mvua hii, baba. Inabeba watu."

Kitindamimba akacheka.

"Dada, umezeeka kweli, unaogopa maji. Tiketi nimeshakata. Nitakuja na mwavuli."